Restaurant ya Kukhu Ilikuwa Sufuria

Juzi beshte yangu alinipeleka mahali huko juu Ngong Road, tusherehekee juu amepata kazi. Kwa mlango wameandika RESTAURANT na mataa, hiyo R peke yake ni kubwa kama kiti. Nikaitisha supu. Maze, ikakuja kwa kibakuli ya kulishia paka, vuguvugu, na jani moja inaogelea hapo juu kama imepotea njia. Nikauliza mhudumu, "Hii ni ya kuonja?" Akaniambia kwa upole ati supu si chakula, supu ni ya kuanzia tu, chakula yenyewe inakuja. Nilikasirika mpaka beshte yangu akaanza kuniombea msamaha. Na si juu ya supu. Ni juu ya hiyo neno kwa mlango. Mimi na hiyo neno tumetoka mbali. Ilinisumbua utotoni kuliko hesabu, kuliko chawa, kuliko teacher wa zamu. Wacha nikuambie.

Miaka ya tisini, nikiwa darasa la sita, nilikuwa naishi na nyanya yangu Kibera, Laini Saba, hatua chache tu kutoka kwa reli. Sisi watu wa magharibi nyanya tunamwita kukhu, na hata majirani wenye hawakuwa wa kwetu walikuwa wanamwita hivyo hivyo. Kukhu alikuwa anauza supu ya mifupa. Alikuwa na chapati kiasi za kusindikiza, lakini biashara ilikuwa supu. Alikuwa anapikia kwa veranda ya ploti, kwa sufuria moja kubwa ya kuogesha mtoto mzima, mawe matatu, na vipande vya mbao zenye maseremala walikuwa wametupa. Moshi yake ilikuwa inaingia kwa macho, kwa uniform, kwa kitabu. Nilikuwa nikifungua kitabu ya Kiswahili darasani, dawati yote inasikia njaa.

Hiyo sufuria haikuwa inaisha. Nasema ukweli. Jioni kukhu alikuwa anabakisha supu kidogo chini, na asubuhi anaongezea mifupa na maji hapo juu. Kwa hivyo supu ya leo ilikuwa na ya jana ndani, na ya jana ilikuwa na ya juzi, na ukifuata hiyo hesabu unaweza kupata supu yenye ilipikwa kabla mimi nizaliwe. Ukitaka chapati, kwanza unamaliza kikombe ya supu, tena ukiwa umesimama. "Tumbo ni kama nyumba ya baridi," alikuwa anasema, "washa moto kwanza ndio ukaribishe mgeni." Wateja walikuwa wanasimama hapo na vikombe kama watu wanaimba wimbo wa taifa.

Na alikuwa hachoti ovyo. Alikuwa anakuangalia uso kwanza. Ukiwa mzima, anachota juu, penye mafuta inang'aa. Ukiwa umelala njaa, ama umetoka hospitali, ama bibi yako amejifungua na umetumwa na flaski, anazamisha upawa mpaka chini kabisa, penye imekuwa nzito kama uji. Wanaume wazima walikuwa wanajifanya wagonjwa ndio wachotewe chini. "Kukhu, leo mgongo inanimaliza." "Mgongo yako iko sawa, ni uvivu. Juu."

Sasa mimi kazi yangu ilikuwa kuleta mifupa. Kila Jumamosi asubuhi, gunia kwa kichwa, kutoka Kibera mpaka Kawangware kwa miguu na kurudi. Usiniulize kwa nini Kawangware. Kibera ilikuwa na bucha mpaka basi, ungetupa jiwe ingepiga bucha. Lakini kukhu alikuwa na mtu wake huko, muuza nyama mwenye alikuwa anatoa mifupa Dagoretti kwa machinjio, na ati huyo peke yake ndiye alijua kukata goti ya ng'ombe bila kupoteza kile kiko ndani. Goti ni goti! Nililalamika miaka tatu. Kukhu alikuwa ananijibu, "Mdomo yako ingekuwa na miguu, ingekuwa imefika na kurudi."

Shida ilianza shuleni. Kulikuwa na msichana tulikuwa tunakaa naye dawati moja, mamake alikuwa na hoteli ndogo Makina, benchi mbili na redio. Siku moja mbele ya watu akasema, "Kwenu si mnauza maji yenye mifupa imeogea?" Darasa ikaanguka kwa kicheko. Mimi ndiye nilikuwa mchekeshaji wa hiyo darasa, unaelewa? Mimi ndiye nilikuwa nachekesha watu. Kuchekwa haikuwa kazi yangu.

Hiyo Jumamosi nikienda mifupa, nikasimama mbele ya jengo moja Kawangware lenye lilikuwa na kibao imeandikwa RESTAURANT. Nikatoa biro nikaandika herufi moja moja kwa mkono, kutoka kwa kidole mpaka kwa kiwiko, juu hiyo neno ni refu na katikati imewekwa A na U bila sababu yoyote. Nikarudi nyumbani, nikapata kipande ya mbao, nikaomba fundi wa milango rangi nyeupe yenye ilikuwa imebaki kwa mkebe, na Jumapili kukhu akiwa kanisani nikapigilia kibao juu ya mlango wa veranda.

Kukhu alirudi na Biblia yake kwa kwapa, akasimama, akaangalia.

"Umeandika nini?"

"Restaurant."

"Na supu umeandika wapi?"

"Sijaandika supu, kukhu. Ni restaurant."

"Sasa mtu akipita atajua aje kuna supu?"

"Ataona sufuria!"

"Kama ataona sufuria, hiyo mbao ni ya nini?"

Akaniambia niitoe, nikaomba wiki moja tu, akaenda kupuliza moto akinung'unika, na kwa kukhu hiyo ni kukubali akiwa amekasirika.

Hiyo wiki ilikuwa mbaya. Mafundi wa jua kali walifika Jumatatu wakaketi chini kwa mchanga, wakakunja mguu juu ya mguu, wakaanza, "Weita! Menyu!" Kukhu akawaonyesha upawa. "Menyu ni hii. Moja ni ya supu, ingine ni ya kichwa yako." Hao walicheka tu wakakunywa. Wenye walinichoma moyo ni wale wengine. Kulikuwa na mzee mmoja alikuwa anachimba mitaro, mtu wa kutoka upande wa ziwa, alikuwa anakunywa hapo kila asubuhi tangu nikiwa mdogo. Jumanne nikamuona amesimama kando ya njia na gamubuti zake za matope. Nikamuita. Akasema, "Si sasa mmekuwa restaurant? Mimi niko na matope." Akaenda zake. Jumatano hakukuja. Na jamaa mmoja wa flaski, mwenye bibi yake alikuwa amejifungua, hakukuja pia. Nilikuwa nimeandika neno moja, na neno yenyewe ikaanza kufukuza watu wenye supu ilikuwa yao.

Nikaamua kuitoa. Nikasema nitaitoa Alhamisi nikitoka shule. Lakini Alhamisi landlodi akafika kabla yangu.

Landlodi wetu alikuwa mzee wa Makina, kofia nyeupe, fimbo, na hiyo tabia ya kugonga kila ukuta akipita kama daktari anapima kifua. Nikamkuta amesimama chini ya kibao.

"Mama," alimwambia kukhu, "mimi nilikupa veranda uweke sufuria. Sufuria moja. Restaurant sikukupa."

"Ni supu tu, mzee."

"Leo ni supu. Restaurant ina meza. Ina viti. Kesho mtatoboa ukuta wangu mweke dirisha. Wallahi nimeona haya mambo, mtu unamkaribisha na mkeka, anakuja na kitanda. Jumapili nikija baada ya adhuhuri, nisikute hiyo kibao. Nikiikuta, toa mawe yako matatu uende nayo."

Sasa sikiliza mambo ya kukhu. Huyu mwanamke alikuwa ameniambia siku nne mfululizo nitoe hiyo mbao. Asubuhi, jioni, akisonga ugali, akiomba. Landlodi alivyopotea tu kwa kona, nikachukua nyundo, nikapanda kwa ndoo. Akanishika mguu.

"Unaenda wapi?"

"Kuitoa! Si wewe ulisema?"

"Mimi nilisema. Yeye hajasema. Yeye ameamrisha. Ukitoa mbao leo, kesho atakuambia utoe moto."

"Kukhu, tutafukuzwa!"

"Shuka kwa ndoo yangu."

Nilishuka. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, kuna tofauti. Hiyo veranda ndiyo ilikuwa inanisomesha. Ndiyo ilikuwa inatuweka mjini. Na sasa tulikuwa tunaenda kuipoteza juu ya neno yenye kukhu hakuitaka, yenye mimi sikuitaka tena, na yenye landlodi hakuitaka. Watu watatu hawaitaki na bado iko kwa ukuta! Kuna mahali ingine duniani kitu kama hiyo inaweza kufanyika?

Jumamosi nikaenda mifupa kama kawaida. Muuza nyama aliniuliza mbona uso imefura, nikamwaga kila kitu hapo kwa kaunta, kutoka kwa msichana wa dawati mpaka kwa fimbo ya landlodi. Sasa mlango wa pili kulikuwa na fundi wa nguo, mtu wa Zaire, wale walikuwa wamekuja Kawangware na cherehani na viatu vya kung'aa. Alikuwa anavaa suti hata akishona vifungo. Akatoa kichwa na sindano kwa mdomo.

"Mutoto, sema tena. Ile neno ni gani?"

"Restaurant."

Akacheka mpaka akatoa sindano ndio asimeze. "Iko ya kwetu, ya Kifaransa!"

"Kwani wewe ni Mfaransa?"

"Miye ni mutu ya Bukavu, lakini Kifaransa walitupika nayo ku masomo, fimbo kila siku. Sikia. Restaurer, ni kurudishia mutu nguvu. Zamani, kule Ufaransa, batu ya kugonjwa, batu ya kifua kibaya, hawakuweza kula chakula ya nguvu. Basi kulikuwa batu ya kuuzisha supu. Supu ya nyama na mifupa, ya kutokota saa mingi. Ile supu ndiyo iliitwa restaurant. Supu, si nyumba! Kisha nyumba ya kuuzishia ikaiba jina ya supu. Kisha ikaweka meza, ikaweka vitambaa, ikasahau supu."

Sikumwamini mara ya kwanza, juu hakuna mtu ameniambia ukweli Kawangware akiwa amevaa tai. Lakini muuza nyama akasema huyu jamaa ana kitabu nene kwa nyumba, na anapenda kuisoma kuliko kulipa kodi. Nikamshika fundi koti. Nikamwambia lazima akuje Kibera kesho kabla ya adhuhuri aambie landlodi hayo maneno kwa mdomo yake. Akasema atakuja. "Lakini nipige pasi kwanza."

Jumapili adhuhuri ikafika, huyo mtu hayuko. Landlodi akafika, na nyundo yake mwenyewe kwa mfuko wa kanzu. Kukhu hakuwa ameenda kanisa, alikuwa amekaa kwa kigoda mbele ya moto, amevaa nguo ya kanisa na kitambaa kwa kichwa, upawa kwa mkono kama askofu. Hakuna mtu alikuwa anasalimia mtu. Majirani wote walikuwa wanafua nguo nje ghafla, hata wenye walikuwa wamefua jana.

Halafu namuona anakuja kutoka upande wa Kambi Muru. Suti ya rangi ya maziwa! Siku ya matope! Anaruka kutoka jiwe hadi jiwe, ameshika suruali kwa magoti kama mama wa kanisa anavuka mto, viatu vyeupe, na watoto kumi nyuma yake wanapiga makofi kila akiruka. Nilikuwa nataka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati moja.

Akasalimia kila mtu kwa Kifaransa, jambo lenye halikusaidia. Kisha akaeleza, polepole, vile alinieleza mimi. Wagonjwa. Mifupa. Saa mingi kwa moto. Nyumba kuiba jina ya supu. Landlodi alisikiliza na kichwa imeinama kwa fimbo. Alikuwa mtu wa akili, huyo mzee, na hiyo ndiyo ilikuwa shida.

"Kwa hivyo," akasema, "restaurant si hii nyumba."

"Hapana, baba. Si nyumba."

"Ni ile iko ndani ya sufuria."

"Kabisa, baba. Ni ile."

"Basi kwa nini jina iko kwa ukuta wangu? Si muandike kwa sufuria?"

Fundi wa Zaire akafungua mdomo. Akaangalia mimi. Akaangalia viatu vyake. Kifaransa yote ikaisha.

Ndio nikasikia sauti yenye sikutarajia. Kukhu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa ikateleza kwa kichwa. "Huyo ameuliza kile mimi niliuliza siku ya kwanza!" Akainuka, akachukua kikombe, akaangalia uso ya landlodi muda mrefu, vile alikuwa anaangalia watu. Nikafikiria atachota juu, mzee alikuwa na mashavu ya kushiba. Akazamisha upawa mpaka chini.

"Kwa nini chini?" landlodi akauliza. Hata yeye alikuwa anajua sheria.

"Umekuja na nyundo Jumapili. Huna nguvu, una hasira tu. Kunywa."

Akakunywa, amesimama kama kila mtu. Akamaliza. Akapewa chapati. Kisha akatoa kibao mwenyewe, taratibu, hata misumari akanirudishia kwa mkono, na hakutaja tena mambo ya kuhama. Mzee wa mitaro alirudi Jumanne na matope yake yote.

Lakini unadhani mimi nilipumzika? Landlodi alikuwa amesema jina ikae kwa sufuria, na kukhu akaamua hiyo ni agano. "Tulikubaliana na mzee. Andika." Nikaandika kwa rangi, lakini rangi ilishika moto siku ya kwanza, supu ikanuka mlango mpya. Kwa hivyo ikabidi niandike kwa masizi. Kila asubuhi kabla ya shule, nilikuwa nachuchumaa na msumari nakwaruza RESTAURANT kwa weusi wa sufuria, herufi zinatoka zinang'aa kama fedha. Ikifika jioni, moshi imezifunika zote. Kesho naanza tena. Miaka miwili! Nilikuwa nafika shule na vidole vyeusi, napigwa kwa uchafu. Na siku moja teacher wa Kiingereza alituuliza restaurant ni nini, msichana wa Makina akasema ni mahali watu hukaa wakaletewa chakula, teacher akasema vizuri. Nikainua mkono. Nikasema hapana teacher, ni supu. Nikapigwa tena, na darasa ikaanguka tena, na wewe niambie kama kuna haki.

Fundi wa Zaire alikuja kunywa karibu kila Jumapili, bila suti ya maziwa. Kisha mwaka mmoja nikaenda mifupa nikakuta mlango wake una watu wengine, wanauza mitumba. Muuza nyama hakujua alienda wapi. Landlodi alipofariki, vijana wake walijenga vyumba mpaka ukingo wa njia, na veranda ikawa nyumba ya mtu, na mahali penye mawe matatu yalikuwa kuna mlango wa bati na kufuli. Kukhu hakugombana. Alirudi nyumbani magharibi na sufuria yake juu ya basi, akapikia wajukuu wengine, na huko ndiko tulimzika. Sufuria sijui iko wapi. Shangazi mmoja anasema ilitoboka.

Nimejaribu kuipika hiyo supu. Usicheke. Nimenunua goti, nimenunua mkia, nimechemsha mpaka gesi ikaisha. Inatoka maji yenye mifupa imeogea, vile yule msichana alisema. Nimeuliza shangazi, nimeuliza mamangu, kila mtu anajua kuikunywa tu. Kukhu hakuwa anapima kitu. Alikuwa anaweka kwa mkono, majani fulani, chumvi fulani, kwa wakati fulani, na wakati wenyewe ulikuwa asubuhi, mapema, mimi nikiwa nimechuchumaa hapo hapo chini ya mkono yake na msumari. Jina ningeiandika hata sasa nikiwa nimefunga macho, na hiyo A na U yake. Na kile kinaniuma ni kwamba alikuwa ananiita. Karibu kila siku alikuwa anasema, "Inua kichwa uone vile naweka." Na mimi nilikuwa namjibu bila kuinua, nimekasirika, "Ngoja kukhu, si unaona naandika?"